Mnasihi Aulize Kabla ya Kuagiza

Hivi karibuni nilimsikiliza mnasihi mwenye uzoefu wa miaka mingi akiwaeleza vijana wanaojifunza kazi hiyo kwamba mteja anayehoji njia anayopewa bado hajawa tayari kusaidiwa. Vijana wakaandika, wala hakuna aliyeuliza mteja huyo alihoji nini. Maneno yale bado yananikera, kwa sababu yanalichukua swali la mtu aliyeumia na kulifanya dalili nyingine ya ugonjwa wake.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Bordin alieleza kwamba ushirikiano kati ya mtaalamu na mteja unasimama juu ya mambo matatu: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi itakayofanywa ili kulifikia, na kuaminiana. Kuaminiana husifiwa na kila mtu, na lengo angalau huandikwa kwenye jalada siku ya kwanza. Makubaliano juu ya kazi yenyewe ndiyo hupuuzwa, na hapo ndipo wateja wengi hupotelea.

Chukua mfano wa mjane anayekuja kwa sababu hapati usingizi usiku. Mnasihi, kwa nia njema kabisa, anaamua kwamba chanzo kiko mbali zaidi, anaanza kumuuliza habari za utotoni na za baba yake. Huenda njia hiyo ina sababu nzuri, lakini mjane hajaelezwa sababu hiyo wala hajaulizwa kama anaiona ina maana kwake. Anajibu kwa adabu, anarudi nyumbani, usiku unakuwa uleule, na baada ya vikao vichache haonekani tena. Jalada litasema kwamba aliacha tiba. Mnasihi huyohuyo angeweza kumwambia: "Naona tunaweza kuanza na usingizi wenyewe, au na yale ambayo hukupata nafasi ya kumwambia marehemu. Nitakueleza kila njia inadai nini, kisha uniambie lipi linakulemea zaidi." Hapo utaalamu wake haujapungua hata kidogo. Ameuweka mezani pamoja na ujuzi ambao ni mjane pekee anao: saa ipi ya usiku ni ngumu kuliko zote, amekwisha kujaribu nini kikashindikana, ni nani ndani ya nyumba ambaye hapaswi kumsikia akilia. Hakuna chuo kinachofundisha mambo hayo, na bila hayo mpango wowote wa tiba ni wa kubahatisha.

Wapo wanaodhani kwamba kushirikiana hivi kunafaa tu katika mazungumzo ya polepole yasiyo na mpangilio. Lakini daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, aliyeanza kuijenga tiba ya utambuzi, yaani ya kuchunguza mawazo yanayomsumbua mtu, katika miaka ya 1960, alituachia njia yenye mpangilio mkali, ikiwa na ajenda ya kila kikao na mazoezi ya nyumbani, na bado kiini chake ni watu wawili wanaochunguza jambo kwa pamoja. Mtu akisema kwamba wenzake wote kazini wanamdharau, mtaalamu habishani naye wala hamfariji upesi. Wanakubaliana ni ishara zipi zingethibitisha au kukanusha wazo hilo, mteja anakwenda kutazama, kisha wanapima pamoja alichokiona. Yawezekana kabisa ikadhihirika kwamba mwenzake mmoja anamdharau kweli, na hapo kazi yao itabidi ibadilike.

Nakubali kwamba ziko nyakati ambazo mtaalamu hana budi kuongoza. Anayezungumza na mtu aliyepanga kujiua lazima aulize waziwazi na achukue hatua za usalama. Tena wapo wateja wanaotaka kuelekezwa, na kuelekezwa kwa ridhaa yao ni makubaliano halali. Wala sidai kwamba ushirikiano pekee unaponya: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 295 zenye wateja zaidi ya 30,000, ulikuta kwamba ushirikiano ukiwa imara matokeo nayo huelekea kuwa bora, lakini kwa kiwango cha wastani, takribani 0.28 kwenye kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba kikamilifu. Hata hivyo, katika kazi ambayo mambo mengi hayamo mikononi mwa mtaalamu, hilo si jambo la kudharau.

Ugumu ni kwamba mteja hatasema mwenyewe. Anamwona mbele yake mtu mwenye elimu na cheo, anaona aibu kumkosoa, basi anaitikia. Wanasaikolojia Jeremy Safran na Christopher Muran, waliochunguza jinsi uhusiano huu unavyopata nyufa, waliwatofautisha wateja wanaolalamika waziwazi na wale wanaojiondoa taratibu kwa majibu mafupi na kukubali kila kitu. Wa kwanza wanampa mtaalamu nafasi ya kurekebisha, na wa pili wanaweza kuondoka bila yeye kujua kilichotokea. Ndiyo maana kuuliza kunapaswa kuwa desturi ya kila kikao. Mwanasaikolojia Scott Miller na wenzake walitengeneza fomu mbili fupi, kila moja ya maswali manne: moja hujazwa kikao kinapoanza, kuhusu hali ya mteja, na nyingine kinapokwisha, kuhusu kikao chenyewe. Fomu hizo hujazwa kwa muda mfupi sana, kwa hiyo kisingizio cha kukosa muda sikielewi.

Na wewe unayekwenda kusaidiwa, una haki ya kuuliza tangu kikao cha kwanza: tunafanya nini, kwa sababu gani, tutajuaje kwamba inafaa, na isipofaa tutabadilisha nini? Maswali hayo si utovu wa heshima. Mtaalamu akiyapokea kwa hasira, tafuta mwingine ikiwa unaweza. Ikiwa huwezi, mwambie walau jambo moja ambalo halikusaidii kabla hujaamua kutorudi.