Ndiyo, Nilijua George Atakufa

Shemeji yangu ana kipaji cha kuingia sebuleni wakati usiofaa. Juzi alinikuta nimekumbatia mto, macho mekundu. Kwenye skrini ni Young Sheldon, sitkomu (tamthilia ya vichekesho) ya Marekani kuhusu utoto wa Sheldon wa The Big Bang Theory: familia ya Cooper imevaa vizuri, inamsubiri baba, George, arudi kazini wapigwe picha ya pamoja, na mlango unagongwa. Akasimama pale, akatazama kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetoa msaada: "Sasa shemeji, unamlilia huyo? Si kwenye The Big Bang Theory walishasema zamani kwamba baba yake Sheldon alikufa?"

Nikanyamaza. Akaendelea: "Ndiyo maana hizi tamthilia za kabla, za kusimulia yaliyotangulia tamthilia tunayoijua, haziwezi kufaulu. Mwisho unaujua. Unatazama nini?" Akachukua chaja akaondoka. Chaja yenyewe ilikuwa yangu.

Leo siku ya tatu na hasira haijaisha, kwa hiyo mtanisamehe.

Tuanze na hilo la "haziwezi kufaulu". Young Sheldon ilianza Septemba 2017, ikaisha Mei 2024: misimu 7, episodi 141. Kama huko ni kushindwa, nami naomba nishindwe hivyo. Swali la kama sitkomu maarufu inaweza kuzaa tamthilia ya kabla na mtoto akaishi limeshajibiwa. Linalonisumbua ni kwa nini huyu aliishi na wengine wakafia njiani, na jibu la shemeji, kwamba tatizo ni kuujua mwisho, limekaa kichwa chini miguu juu.

Nikiri kitu kwanza, kwa shingo upande. Ilipotangazwa, mimi mwenyewe niliicheka. Niliona wazi kwamba pesa zinaingia na hakuna anayetaka kufunga bomba. Nikamwona kichwani mtoto wa miaka 9 anapewa vichekesho vya mtu mzima avikariri kama kasuku, na kila episodi inatueleza asili ya kitu ambacho hakuna aliyeuliza asili yake: hapa ndipo alipoanza kupenda treni, hapa ndipo alipochagua upande wa kochi. Uoga wangu haukuwa wa kijinga. Sitkomu haikai ndani ya mtu, inakaa kati ya watu. Sheldon anachekesha kwa sababu Leonard anayeishi naye amechoka naye, na Penny, jirani yao, yuko mlango wa mbele. Mtoe hapo, umebaki na msumbufu. Waliomchukua Joey kutoka Friends wakampeleka Los Angeles peke yake mwaka 2004 walilijua hilo baada ya misimu miwili. Ile haikuwa tamthilia ya kabla, lakini ugonjwa ni uleule.

Basi kilichoiokoa Young Sheldon ni nini? Watu husema ni yule mtoto, Iain Armitage. Ni mzuri, sibishi. Wengine husema ni bibi, Annie Potts, na kwa Meemaw, kama bibi huyo anavyoitwa, nitapigana na yeyote. Kuna pia ule ujanja wa kumpa Zoe Perry nafasi ya Mary, mama yake Sheldon, wakati mama mzazi wa Zoe, Laurie Metcalf, ndiye aliyekuwa Mary kwenye The Big Bang Theory. Uso na sauti vilikuja vimeshafanana, bila gharama.

Lakini tamthilia ile ni ya George. Jina lililoandikwa juu ni la mtoto, mwenye nyumba ni baba.

Kumbukeni George alikuwa nani kwetu kabla ya 2017. Hakuwa mtu. Alikuwa malighafi ya vichekesho. Kwenye The Big Bang Theory ametajwa mara nyingi, na karibu kila anapotajwa ni pombe, ni ugomvi na mkewe, au ni usaliti. Ukumbi unacheka, tunaendelea. Marehemu wa kwenye sitkomu hana wakili. Na hapa ndipo ninapotaka shemeji anisikilize vizuri: shahidi wetu mkuu alikuwa nani? Sheldon! Mtu ambaye miaka 12 mfululizo tulicheka kwa sababu hawezi kusoma uso wa mtu, hatambui kejeli, hajui kama aliye mbele yake amechoka au amekasirika. Huyo ndiye tuliyemwamini alipotueleza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Hatukuuliza hata swali moja.

Halafu inakuja episodi ya kwanza kabisa ya Young Sheldon. Familia iko mezani, wanashikana mikono kusali, na mtoto amevaa glavu ili asiguse ngozi ya mtu. Anayeshika ile glavu upande wa pili ni baba mnene, kocha wa mpira wa Kimarekani, hana neno la kusema na mtoto huyu na bado ameishika. Baadaye kidogo tunaambiwa kwa nini walihama kutoka mji wa Galveston: alipoteza kazi kwa sababu alisema ukweli kuhusu makocha waliokuwa wanavunja sheria za kusajili wachezaji. Ni maneno machache tu, hakuna muziki wa kuliza. Na hakuna kicheko cha ukumbini, kwa sababu tamthilia hii waliirekodi bila hadhira. Sentensi ileile ambayo kwenye tamthilia mama ingemaliziwa na kicheko, hapa inamaliziwa na kimya, na katika kimya hicho unamwona mtu.

Kwa hiyo "unajua mwisho" ndiyo siri yenyewe. Katika episodi ya tatu tu ya msimu wa kwanza, George anakimbizwa hospitali kwa maumivu ya kifua. Asiyejua mwisho ameona episodi ya kuchekesha yenye wasiwasi kidogo. Sisi tunaojua tulianza kumhesabia tangu hapo. Kila bia aliyofungua kwenye kile kiti chake, kila safari aliyosema "tutaongea baadaye", tulikuwa tunajua hiyo baadaye ina ukubwa gani. Misimu saba ya namna hiyo! Nionyesheni sitkomu ya kawaida inayoweza kumfanya mtu ashike pumzi kwa sababu baba amefungua friji.

Nitoke nje ya mada kidogo. Babu yangu mzaa mama sikumwona. Kwenye familia yetu yeye ni visa vitatu, vyote vya ubahili, na mjomba huvisimulia vizuri mno. Kile cha kiatu kimoja ndicho kinachopendwa zaidi. Miaka michache iliyopita mama mdogo alikuta daftari lake: majina ya watu na kiasi alichowakopesha. Zaidi ya nusu yamepigwa mstari, na pembeni kwa mwandiko wa kalamu ya risasi imeandikwa "basi". Si "amelipa". "Basi." Tulizungushiana lile daftari mezani bila kusema kitu. Mjomba bado anasimulia kisa cha kiatu, na bado tunacheka, ila sasa anasimulia akiwa anatazama chini.

Turudi. Kama mnadhani George ni bahati tu, tazameni Waingereza. Only Fools and Horses, sitkomu ya ndugu wawili, Del Boy na Rodney, ilianza 1981, na mama yao alikuwa ameshafariki. Yeye ni jina ambalo Del hulitumia kila anapotaka kushinda ubishi. Mwaka 2010 mwandishi wake, John Sullivan, akaleta Rock & Chips, inayoanzia mwaka 1960, na akampa mama huyo, Joan, hadithi yote. Akamchukua Nicholas Lyndhurst, aliyekuwa Rodney, akamfanya Freddie, yule mwizi ambaye ndiye baba halisi wa Rodney. Yaani mwigizaji anamtongoza mama wa mhusika wake mwenyewe! Kwa maelezo hayo ingepaswa kuwa kichekesho kibaya. Ilikuwa ya huzuni na ya kupendeza. Sullivan alifariki Aprili 2011, siku chache kabla ya episodi ya tatu kurushwa, na ikaishia hapo. Tatu tu, lakini ningezichukua hizo tatu kuliko misimu kumi ya nyingi ninazozijua.

The Carrie Diaries ilifanya kinyume. Kwenye Sex and the City, baba yake Carrie, mhusika mkuu, aliwaacha Carrie akiwa mdogo, na lile pengo lilimfuata kwa kila mwanamume aliyempenda. Tamthilia ya kabla ikaja na baba mpole anayemlea binti yake nyumbani. Pengo wameliziba kwa saruji. Ilikwisha mwaka 2014 baada ya misimu miwili. Nguo zilikuwa nzuri.

Sitasema kanuni yangu haina matobo. First of the Summer Wine ya BBC, tamthilia ya kabla ya Last of the Summer Wine, ilikuwa na kila kitu: wazee tuliowapenda wamerudishwa ujanani, ni mwaka 1939, sisi tunajua vita inakuja na wao bado wanahangaika na wasichana. Peter Sallis, aliyekuwa Clegg, mmoja wa wazee hao, akaigiza baba yake Clegg. Ilipata misimu miwili, episodi 13, wakati tamthilia mama ilidumu tangu 1973 hadi 2010. Labda uchungu ulikuwa wa taifa zima kiasi kwamba haukuwa wa mtu yeyote. Labda pia watu walitaka tu kuwaona wazee wao wakiteremka mlimani ndani ya beseni. Shemeji, hiyo moja nakupa.

Na hata Young Sheldon yenyewe iliwahi kuniudhi vibaya. Mnakumbuka ile sababu ya Sheldon kugonga mlango mara tatu? Akiwa na miaka 13 alifungua mlango akamkuta baba yake na mwanamke mwingine. Tangu hapo, hodi ya kwanza ni ya kawaida, mbili zinazofuata ni za kuwapa watu muda wa kuvaa suruali. Ni kichekesho chenye kidonda ndani. Msimu wa 7 ulipofika pale, wakatuambia yule mwanamke alikuwa Mary mwenyewe amevaa wigi la blondi. Wigi! Baada ya miaka saba ya kutufundisha kwamba mtu anaweza kuwa mwema na bado akakosea, waliogopa kumwacha akosee. George hakuhitaji kusafishwa. Tulishampenda na uchafu wake.

Lakini halafu wakanipa ile episodi ya mazishi, ambapo Sheldon anarudi tena na tena kwenye dakika ile ya mwisho: baba yuko mlangoni anaaga, yeye hajainua kichwa. Anairudia akilini akijaribu maneno tofauti ya kumwambia. Wigi nimewasamehe. Karibu.

Sasa nasikia watu wakiorodhesha nani mwingine afanyiwe hivi, na jina la Howard Wolowitz, rafiki yake Sheldon kwenye The Big Bang Theory, halikosekani. Baba yake aliondoka Howard akiwa mtoto, akamtumia barua alipofikisha miaka 18, na Howard akaja kuichoma bila kujua kilichoandikwa. Sheldon alikuwa ameshaisoma. Basi marafiki wakamkalisha, kila mmoja akamsimulia yaliyomo kwa namna yake, moja tu ikiwa ya kweli, na Howard akachagua kutojua ni ipi. Na nyie mnataka kutuletea misimu mitano ya yule baba akifunga mizigo.

Barua iliungua. Iacheni hivyo.