Saini ya Tingatinga na mkono wa nani

Mtu akikuletea picha ya chui iliyochorwa kwenye kitambaa cha kanvasi na kukuapia kwamba ni ya Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mchoraji wa Tanzania aliyeanzisha mtindo wenye jina lake, ya mwaka 1970, mshukuru uage. Tingatinga alichorea hadibodi, ule ubao mwembamba wenye uso laini mbele na alama za wavu nyuma. Rangi yake ilikuwa ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Kanvasi ilishika baadaye, watalii walipotaka kitu cha kukunja na kutia kwenye begi.

Hapo ni rahisi. Kazi huanza picha inapokuwa kwenye hadibodi kweli, saini ipo, na rangi imechakaa inavyopaswa. Hadibodi kuukuu si adimu, na herufi chache za brashi haziwezi kumshinda mchoraji mzoefu. Zaidi ya hayo, Tingatinga alichora kwa takriban miaka minne tu, tangu 1968 mpaka polisi walipompiga risasi kimakosa jijini Dar es Salaam mwaka 1972. Picha halisi ni chache, wanaozitaka ni wengi. Pengo hilo lina wa kulijaza.

Tena wanafunzi wake wa mwanzo, akina Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda, walijifunza kwa kukaa naye na kumwiga. Picha ya mwanafunzi ya miaka ile inaweza kuwa na ubao uleule, rangi ileile, mnyama mmoja juu ya mandhari tupu vilevile. Kuukagua ubao kutakuambia umri wake, hakutakuambia nani alishika brashi.

Ndiyo maana wakusanyaji hushikilia historia ya umiliki: nani aliinunua, wapi, ina risiti au barua gani, kuna picha ya zamani ya sebuleni inayoionyesha ukutani? Hoja yao ni nzito, kwa sababu bei yote imesimama juu ya mkono wa mtu mmoja. Ila ina uchungu wake. Wanunuzi wengi wa mwanzo walikuwa wageni waliokaa Oysterbay, mtaa wa Dar es Salaam, walionunua picha pale kwenye maduka ya Morogoro Stores na kuondoka nazo. Kwa kipimo hicho, shahidi bora wa sanaa ya Mtanzania ni albamu ya familia fulani ya Ulaya, na faida ya kila mauzo mapya huzunguka hukohuko.

Wachoraji wa leo wa mtindo huu nao wana lao. Tangu ushirika wao ulipoundwa mwaka 1990, Tingatinga ni jina la mtindo kuliko jina la marehemu. Simba aliyenunuliwa leo atachorwa tena kesho, na hakuna anayeona aibu. Kudai picha ya pekee hapo ni sawa na kumwendea muuza kanga ukitaka jina ambalo hakuna mwingine aliyelivaa. Nakubaliana nao zaidi ya nusu. Hata "mkono wa msanii" si kitu kilichonyooka: George Lilanga, msanii mwingine maarufu wa Tanzania, aliyefariki mwaka 2005, alikatwa miguu kwa kisukari, na wasaidizi walishiriki katika kazi zilizotoka kwa jina lake. Je, hizo ni bandia? Mimi nasema si bandia iwapo yeye ndiye aliyeziongoza na kuzikubali. Lakini mnunuzi anastahili kuambiwa kabla ya kutoa pesa, maana bei aliyotajiwa ilikuwa ya mkono wa Lilanga.

Ninapotengana na wachoraji ni kwenye saini. Kuchora upya chui wa Tingatinga ni kuendeleza ufundi. Kuandika chini yake jina la Tingatinga ni kumwuzia mtu kitu ambacho huna, na anayeumia kwanza si tajiri wa mnada. Ni mchoraji aliyekaa siku mbili juu ya kazi hiyo, akalipwa bei ya nakala, huku jina lake likibaki halijulikani popote.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji si kama picha ni halisi. Namuuliza imechorwa na nani. Akinitajia mtu aliye hai, na jina hilo ndilo lililo kwenye kona, tunaanza kupatana bei, hata kama picha kumi kama hiyo zimening'inia ukuta huohuo.