Ekari 220 za mbarika kwa safari moja ya ndege

Kwetu mbono kaburi, yaani jatrofa, ni uzio. Hupandwa mpakani na kuzunguka makaburi kwa sababu mbuzi haugusi, na ukikata tawi ukalichomeka ardhini linashika. Bibi yangu hakuwahi kuuita zao. Kwa hiyo miaka ya 2000 walipokuja wageni wakasema mti huu utarusha ndege, watu walistaajabu, kisha wakatega sikio.

Na kweli uliirusha. Desemba 2008 shirika la Air New Zealand lilifanya jaribio la Boeing 747 ambayo injini yake moja ilitumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu, mafuta ya kawaida na ya mbono kaburi. Sehemu ya mbegu zile ilitoka upande wetu wa Afrika, Tanzania ikiwemo. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, na mafuta ya mbegu yakichakatwa kwa haidrojeni yanatoka yakifanana nayo. Kwenye ufundi sina ugomvi na mtu. Ninachogombea ni hesabu.

Wakati ndege ile inajaribiwa, huku ardhi ilikuwa inagawiwa kwa kilimo cha mbono kaburi. Kisarawe, kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata hekta 8,211 kutoka vijiji 11. Kilwa, BioShape ya Uholanzi ilipata hekta 34,000 hivi, yakiwemo mapori ya miombo. Kufikia 2011 zote mbili zilikuwa zimeanguka. Na kwa sheria zetu, ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, iliyo mikononi mwa serikali, ili mwekezaji apate hati, mwekezaji akiondoka hairudi yenyewe kijijini. Watu walipoteza vibarua, na mahali pa kuokota kuni wakawa wamekwisha kupapoteza. Hasara hiyo haikuwahi kuingizwa kwenye bei ya lita hata moja.

Nayakumbusha haya kwa sababu wanunuzi wamerudi, na safari hii wana sheria mgongoni. Tangu 2025 wauzaji wa mafuta kwenye viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya wanalazimika kuchanganya asilimia 2 ya mafuta safi zaidi, kama haya ya mbegu, itakuwa 6 mwaka 2030 na 70 mwaka 2050. Mafuta hayo huuzwa kwa kati ya mara mbili na mara tano ya bei ya kawaida. Sheria hiyohiyo haikubali mazao ya chakula, na hapo ndipo mbarika, mmea mwingine wa mbegu za mafuta, ilipopata soko: hailiwi, na inavumilia ukame. Kampuni ya Eni ya Italia ilianza kukamua mbegu Makueni, Kenya, mwaka 2022, na mafuta husafirishwa kwa meli hadi kiwandani Gela, Sicilia. Mei 2023 Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko uliotolewa na Eni.

Sasa tupige hesabu ya shambani. Ndege aina ya Dreamliner ikienda Amsterdam kutoka Nairobi inachoma takriban tani 40. Tuseme ekari moja, mvua ikiwa nzuri, inatoa gunia nne za mbarika za kilo 100, na karibu nusu ya uzito huo ni mafuta: kilo 180 hivi. Hata kama kila tone lingegeuka kuwa mafuta ya ndege, jambo lisilowezekana, zinahitajika ekari 220 kwa mwaka mzima ili ndege moja iende. Kurudi, ekari nyingine 220. Nakubali kwamba mbarika inaweza kupandwa kando ya mahindi, lakini palizi ni ileile, na mikono ni ileile ya mama na watoto wake. Tena mashudu ya alizeti mkulima humpa ng'ombe. Ya mbarika yana sumu.

Wengine wanasema basi tuache mbegu, tutumie mabaki: mabua, pumba, makapi ya miwa. Anayeyaita takataka hajafuga. Mabua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, yakibaki shambani yanakuwa mbolea, na makapi ya miwa viwanda vya sukari vya Kilombero na TPC Moshi vinayachoma kupata mvuke na umeme. Ukiyachukua lazima kitu kingine kizibe pengo. Kugeuza vitu vikavu kuwa mafuta nako kunahitaji mtambo wa gharama kubwa mno; Marekani, kampuni ya Fulcrum iliyojenga mtambo wa kutumia taka huko Nevada ilifilisika mwaka 2024. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi nayakubali kwa moyo mmoja, kwani heri yaende kwenye ndege kuliko kurudi kwenye karai. Ila ni machache.

Kuhusu hewa ukaa, ndege inayotumia mafuta ya mbegu inatoa ileile angani. Nafuu inatokana na kwamba mmea uliivuta wakati unakua. Ukikata miombo ili upande mmea huo, umeachia hewa ukaa iliyohifadhiwa kwa miaka mingi, na itachukua miongo kuilipa. Ukitia mbolea ya chumvichumvi, udongo unatoa gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto zaidi ya mara 260 ya hewa ukaa. Haidrojeni ya kiwandani nayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa gesi asilia.

Siwakatazi watu kulima mbarika. Mkulima wa Makueni au Dodoma akiletewa mkataba, ninachomwomba ni aulize mambo mawili kabla ya kutia saini: bei itakuwaje mwaka ambao mvua haikunyesha, na mbegu zisipoota nani analipa. Akijibiwa kwamba ni yeye, ajue kuwa sehemu ya gharama ya mafuta yale ameibeba yeye, na abiria aliyekata tiketi ya Amsterdam hakudaiwa hata shilingi yake.