Subira yetu ni ya sakafu

Agosti iliyopita nilivuka kutoka Manda hadi Lamu nikiwa na mtoto wa miaka 2 na miezi 5, begi zima la pampasi, na poti ya plastiki ya rangi ya manjano ambayo ikiingia majimaji huimba. Hamali aliyetupokea gatini aliigeuzageuza mkononi akauliza kama ni kofia ya mtoto. Nikamwambia ni choo. Alicheka mpaka tukafika mtaa wa Mkomani.

Mama hakucheka. Aliitazama ile poti, akamtazama mjukuu wake na nepi iliyovimba kama dafu, akasema, "Haya mwanangu. Umesafiri na choo, na mwana hajui choo." Akamvua nepi pale pale, akamwacha na fulana tu. Sikuiona tena ile nepi.

Siku ya kumi na moja mtoto alitembea usita wa mui, njia kuu ya mji, kwenda na kurudi, suruali kavu. Barazani nikapokewa na maneno ambayo kila mtu wa ng'ambo anayajua: unaona? Huko mnawadekeza. Watoto wenu wanavaa nepi mpaka wanang'oka meno. Sisi tuna subira na watoto, nyinyi mna vitabu. Nami nikavimba kichwa. Nilirudi Leicester, Uingereza, nikimwambia kila mtu kwamba dawa iko kwetu.

Kufika mwisho wa Oktoba mtoto alikuwa amerudi kwenye nepi, na mimi nimenyamaza.

Nimelifikiria jambo hili miezi kadhaa sasa. Sidhani kama Waingereza wana roho mbaya, wala sidhani kama sisi tuna roho nzuri kuliko wao.

Nianze na alichokifanya Mama, maana nilikaa nikamtazama. Mtoto akiamka, anamchukua. Akimaliza chai, anamchukua. Akimaliza kula, anamchukua. Hakumuuliza hata mara moja kama anataka susu, kwa sababu mtoto wa umri ule, umuulize lolote, jibu lake ni hapana. Alimwambia, "Mume wangu, twende tukawaamkie samaki." (Mwanangu ana jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo kwa Mama yeye ni mume, hana jina jingine.)

Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani. Chooni mna birika la maji lililopigwa chokaa, na ndani ya birika mna visamaki, kama wazee walivyokuwa wakiwaweka ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa limejengewa bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuponea. Sasa mtoto aliyezaliwa Leicester, aambiwe chooni mna samaki? Alikuwa akikimbia kututangulia.

Lakini samaki walikuwa na sharti. Mama aliketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akamkalisha mtoto juu ya nyayo zake, mgongo umeegemea miguuni mwake, kisha akaanza: shuuuu, taratibu, kama mtu anayemimina chai kutoka juu. Kikitoka kitu, "Samaki wamekusikia!" Kisipotoka hakusema neno. Alimtawaza kwa kata moja ya maji hata kama hapakuwa na cha kutawaza, akamwinua awaone samaki vile vile.

Hapo nikampinga. Huku tunafundishwa kumpa mtoto stika akifanikiwa. Nikamwambia, Mama, hajafanya kitu, samaki wa nini?

"Ameketi," akasema. "Kuketi ndiyo kazi yake. Mkojo si kazi yake, mkojo wa Mungu."

Siku ya kwanza alikojoa sakafuni mara sita. Nilihesabu, kwa sababu kila mara mimi ndiye niliyeruka kutafuta kitambaa, na wengine wote hawakuinuka. "Mwate, mwate mwana," Mama akawa ananiambia, yaani mwache. Mpwa wangu akachukua kopo la maji, akamwaga, akalifagia kwa ufagio wa chelewa kuelekea kwenye tundu la maji, jua likamaliza kazi. Mikeka ya kuswalia ilikuwa imeshakunjwa na kuwekwa juu tangu asubuhi. Mkojo ni najisi, na nyumba zetu zimezoea najisi kuondolewa kwa maji bila kelele. Na macho yalikuwa mengi: Mama, dada yangu, wapwa wawili, na binti wa jirani ambaye sijui kwao ni saa ngapi hukaa. Mtoto akinyamaza ghafla, akisimama na kubana miguu, kulikuwa na mtu wa kuona kabla hajamaliza kubana.

Sasa njoo Leicester. Nyumba ina zulia ukuta kwa ukuta, nalo ni la mwenye nyumba, na amana yetu iko kwake. Mkojo ukimwagika kwenye zulia mwezi wa kumi, madirisha yamefungwa kwa baridi, harufu yake utaishi nayo mpaka maua yachanue. Mimi nafanya kazi ghalani usiku, nafika nyumbani saa moja asubuhi. Mke wangu anatoka saa moja na nusu kwenda kwenye nyumba ya wazee. Kwa hiyo kuanzia hapo mtoto ana jicho moja la kumwangalia, nalo linafumba. Na amevaa fulana, sweta, suruali yenye kifungo, na soksi zinazopanda mpaka kiunoni. Kutoka "baba, susu" hadi soksi ishuke, habari imekwisha zamani.

Nasari wana upole mwingi, siwasemi. Lakini sheria ya Uingereza inaruhusu mlezi mmoja kwa watoto watano wa miaka 2. Kabla ya 2023 walikuwa wanne. Kwa Mama hesabu ilikuwa kinyume: wakubwa watano kwa mtoto mmoja. Baada ya wiki mbili za kurudishiwa mifuko ya nguo zilizolowa, tuliombwa kwa adabu tumrudishie nepi, "mpaka awe tayari".

Hili neno tayari lina historia yake. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, aliandika kuhusu watoto 1,170 aliowafuatilia, wazazi wao wakiwa wameambiwa wangoje dalili za mtoto mwenyewe badala ya kumlazimisha. Kwa wastani walikauka mchana wakiwa na miezi 28 na nusu. Nia yake ilikuwa njema, maana kabla yake watoto walikuwa wakilazimishwa kukaa juu ya chombo mpaka watoe. Mtoto anayelazimishwa hujizuia, akijizuia anafunga choo, na choo kikijaa hukibana kibofu, ukapata matatizo mawili badala ya moja. Hilo nalikubali. Lakini Pampers nazo zilikuwa zimeanza kuuzwa mwaka mmoja kabla, 1961, na nepi za siku hizi zinafyonza maji vizuri kiasi kwamba mtoto hajui kama amelowa. Atakuwaje tayari kwa jambo asilolihisi?

Kisha mwaka 1977, katika jarida lile lile la madaktari wa watoto la Marekani alikoandika Brazelton, watafiti wawili, akina deVries, wakaandika kuhusu ndugu zetu Wadigo wa Kwale. Mama wa Kidigo alianza wiki za kwanza kabisa, anamkalisha mtoto katikati ya miguu yake na kumfanyia sauti ile ile ya shuu, na miezi mitano au sita mtoto alikuwa anatoa akikalishwa, mchana na usiku. Nilipoisoma habari hii nilitaka kuichapisha nikaibandike mlangoni mwa nasari. Mke wangu akanizuia, na alikuwa na haki. Mtoto yule wa Kidigo alikuwa mgongoni au mapajani mwa mtu kutwa kucha. Mlezi mwenye watoto watano atamkalisha yupi miguuni?

Kabla mtu wa nyumbani hajaanza kupiga vigelegele, nilete upande wa pili. Mimi nilikuwa kikojozi mpaka miaka 7. Asubuhi nilibebeshwa mkeka wangu uliolowa kichwani nikapita nao uchochoroni, na watoto wenzangu nyuma yangu wakiimba. Madaktari wa huku hawaanzi kulihesabu hilo kuwa tatizo la kutibiwa mpaka mtoto afike miaka 5, na hata hapo hawasemi ni uvivu: wapo watoto wanaolala fofofo, wapo ambao mwili wao bado haujajifunza kupunguza mkojo usiku. Mkeka kichwani hauzifundishi figo zako kitu. Unakufundisha kulala macho.

Na aliyenibebesha ule mkeka ni Mama yule yule wa samaki. Safari hii nilimkumbusha, usiku, tumekaa juu darini kwenye upepo. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Wakati ule nilikuwa na sita, na baba yako yuko baharini."

Ndiyo maana nasema tusijisifu sana. Mama wa mwaka ule na Mama wa Agosti iliyopita ni mtu mmoja. Kilichotofautiana ni mikono iliyokuwa nyumbani. Na sasa hivi Lamu yenyewe pampasi zinauzwa dukani moja moja, na mabinti wanazinunua, kwa sababu nao wanatoka kwenda kazini na bibi wa kushika mtoto hayupo kila nyumba. Nilizikuta zilizotumika kwenye mtaro, punda wanazikanyaga. Ukimuona binti wa Langoni ana mtoto wa miaka 3 na nepi, hajawa Mzungu. Amepungukiwa watu.

Kuna jambo moja tu ambalo ng'ambo imenipa na sitalirudisha. Siku ya pili Lamu nilimbeba mtoto kumpeleka chooni, dada yangu akaninyang'anya mlangoni kama nimeiba. Mwanamume huyu anakwenda wapi na mtoto? Ami yangu akaniuliza mbele ya watu, huko kazi yako hasa ni ipi? Leicester hakuna wa kuninyang'anya. Najua mwanangu anapotaka haja kubwa hukimbilia nyuma ya pazia akashika kitambaa. Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kujua lolote la namna hiyo juu yangu.

Januari nilichukua likizo ya wiki moja. Zulia siwezi kuling'oa, lakini jikoni kuna vigae. Tukahamia jikoni, mimi na yeye, hita imewashwa, yeye na fulana tu kama mtoto wa Mkomani. Ndoo ya maji pembeni, ndani yake samaki wawili wa plastiki wa pauni moja. Nilimkalisha miguuni, maana kigoda nilikuwa nimekibeba kwenye begi lililokuwa la pampasi. Nilimwonyesha samaki kila akiketi, atoe asitoe. Wiki haikutosha. Zilikwenda tatu, na ya tatu nikiwa nimesharudi kazini, ninapiga shuuu huku nasinzia. Sasa mchana ni mkavu, isipokuwa akizama kwenye mchezo. Usiku bado anavaa nepi, na sina haraka.

Ile poti niliiacha Lamu. Mama amepanda mrehani ndani yake na kuiweka darini. Kila akimwagilia inaimba kwa Kiingereza, na ananipigia simu kuniuliza inazimwa wapi.