Punje 83

Sikujua kwamba mtu anaweza kuiba kura bila kukusudia, mpaka siku nilipokabidhiwa kuongoza kikao cha kupanga vipaumbele vya mfumo wetu wa pamoja wa usanifu, hapa Lubumbashi.

Sisi ni watu 14, wasanifu na watengenezaji wa programu kutoka timu mbalimbali: hawa wanashughulika na karo za shule, wale na zahanati, wengine na kutuma pesa kwa simu. Badala ya kila timu kuchora kitufe chake na kisanduku chake cha tarehe, tulikubaliana kuwa na kisima kimoja cha vipande vya skrini vilivyo tayari, ambacho kila mmoja anachota humo; ndio huo mfumo wa usanifu. Ila kila mmoja alikuja na ndoo kubwa. Maombi yaliyosubiri kutengenezwa yalifika 31, na mikono ya kuyatengeneza ilikuwa ya watu wawili, mmoja wao mimi.

Siku hiyo ya Julai umeme ulikatika kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa kuwa ndani kulikuwa na giza na ile baridi yetu ya kiangazi, tulihamia uani kuota jua, nami nikapanga kadi 31 juu ya mkeka, kila kadi na ombi lake. Vibandiko vya kupigia kura nilikuwa nimevisahau nyumbani Katuba, jambo ambalo sikulitangaza. Nilimwendea kimyakimya Mama aliyekuwa akitupikia, nikamwomba kikombe cha mahindi, kisha nikawaeleza wenzangu kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo wiki nzima kwamba kila mmoja atapewa punje 5 aziweke juu ya kadi anazoona zitangulie. Walinipongeza kwa ubunifu. Kura zilipokwisha kupigwa, tulikwenda barazani upande wa pili kula bukari, sombe na makayabu, na sioni haya kusema kwamba nilirudia sahani.

Niliporudi peke yangu kuhesabu, nilikuta kuku saba kwenye mkeka. Mmoja wa madoadoa alikuwa amesimama juu ya kadi ya ujumbe wa kosa, akaiinamia kwa jicho moja kama mkaguzi wa hesabu, akaigeuzia jicho la pili, kisha akadonoa kura ya mwisho. Nilipowafukuza walitawanyika na kadi tisa chini ya miguu yao.

Mtu mwenye akili angewaita wenzake. Mimi nilichota mahindi mengine nikaanza kuzirudisha kura kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yangu, nakiri, ilikuwa na huruma ya pekee kwa kadi ya menyu ya pembeni inayofunguka kwa kuteleza, kwa sababu menyu hiyo niliichora mwenyewe kwa majuma mawili. Nilikumbuka punje 10 juu yake. Nilipoitazama tena nikakumbuka nyingine 4.

Wenzangu waliporudi, Papa mmoja aliyewahi kuwa mhasibu kabla ya kujiunga na timu ya zahanati aliomba kusaidia kuhesabu. Alihesabu mara mbili, akivua miwani katikati.

“Mwanangu, tuko watu 14, na kila mmoja ulimpa punje 5. Hiyo ni 70. Hapa ziko 83. Hizi 13 zimezaliwa lini?”

Kabla sijapata uongo wa kufaa, Mama alitokea jikoni akiwa na kuku wa madoadoa kwapani, akauliza ni nani aliyewarushia ndala kuku wake. “Mahindi yakimwagwa chini ni ya kuku,” alisema. “Kama yalikuwa ya mkutano, mngeniambia.”

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Aibu yangu ilizidi kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nimewasomea, juma lililotangulia, jinsi mfumo wa usanifu wa serikali ya Uingereza, GOV.UK Design System, uliozinduliwa mwaka 2018, unavyopokea maombi: mwombaji aoneshe kwamba kitu hicho kitafaa timu nyingi, na kwamba si marudio ya kilichopo. Mahindi hayakutajwa popote.

Tulikuwa bado tunabishana jinsi ya kuanza upya, Mama alipodai malipo yake. Kijana wa timu ya pesa alimfungulia akaunti palepale, na programu ikamtaka tarehe ya kuzaliwa kwa gurudumu la kuzungusha. Mama alizaliwa mwaka 1961. Alizungusha kwa kidole gumba chenye mafuta ya mawese, akafika 1974, akateleza mpaka 1948, akarudi, akapita tena, sote 14 tukimzunguka bila kupumua, mpaka aliposema kwamba 1959 inatosha, kwani hawezi kugombana na simu kwa ajili ya miaka miwili. Wenzetu wa Uingereza kwa tarehe kama hiyo hutumia visanduku vitatu vya kuandikia, siku, mwezi na mwaka, na kadi yenye ombi hilo ilikuwa mkekani tangu asubuhi na alama ya ukucha wa kuku.

Papa aliiokota akaiweka juu ya nyingine zote. Hakuna aliyepinga. Timu sita zilisema zina tatizo hilohilo. Menyu yangu haikuhitajiwa na timu yoyote, hata yangu.

Kumbukumbu za kikao niliandikishwa mimi, Papa akinisomea neno kwa neno: “Kura zilizopigwa, 70. Zilizoliwa, 70. Zilizohesabiwa, 83.”