Bosi akiondoka, nani anashika funguo?

Semina za uongozi siku hizi hazikosi ule mchoro: kushoto piramidi yenye bosi kileleni, kulia miduara mingi iliyounganishwa kwa mistari, na katikati mshale unaotoka huku kwenda kule. Mtoa mada husema taasisi za kisasa zinafanya kazi kimtandao, yaani kwa timu zilizounganishwa bila bosi juu yao, wasikilizaji wananakili, kisha watu wanakwenda kunywa chai. Mimi ninautilia shaka huo mshale.

Mfano unaotajwa zaidi ni Buurtzorg ya Uholanzi, taasisi ya wauguzi wanaohudumia wagonjwa majumbani. Mwanzilishi wake, Jos de Blok, ni muuguzi aliyechoshwa na utaratibu wa kupimiwa kazi kwa dakika: huyu aje kuogesha, yule aje kubadilisha bandeji, mwingine aje kuchoma sindano. Timu ya kwanza ilianza 2007 ikiwa na wauguzi wanne. Baada ya miaka kadhaa walikuwa kama 10,000, katika timu zisizozidi watu 12, na hakuna timu yenye meneja. Wenyewe hupanga zamu, huajiri mwenzao mpya, hutafuta ofisi ya kupanga mtaani na huzungumza na daktari wa eneo lao. Makao makuu yana watu wapatao 50 tu. Mgonjwa aliyezoea kuona sura mpya kila asubuhi sasa anamjua kwa jina anayemfunga kidonda.

Hapo watetezi wa mtandao wana haki ya kutamba. Ila wakisimulia huwa wanaruka nusu ya pili. Idadi ya 12 ni sheria. Timu ikikua inagawanywa. Wote wanatumia mfumo mmoja wa kompyuta, na humo kila timu inaona saa ilizotumia kwa wagonjwa na inajilinganisha na wenzake. Kuna makocha, wasio na mamlaka ya kuamuru, wanaoitwa timu inapogombana au inapoelemewa. Hata namna ya kufikia uamuzi inafundishwa: hoja inapita kama hakuna mwenye pingamizi zito lenye sababu. Kilichofutwa ni cheo. Kazi ya meneja ipo palepale, imegawanywa tu, na mgawanyo wenyewe umeandikwa.

Zappos ya Las Vegas, wauzaji wa viatu mtandaoni, walipita njia nyingine. Mwishoni mwa 2013 walitangaza kuhamia holakrasia, mfumo ambao watu hufanya kazi katika miduara na mtu hubeba majukumu kadhaa badala ya cheo kimoja. Machi 2015 mkuu wa kampuni, Tony Hsieh, aliwaandikia wafanyakazi kwamba asiyeutaka mfumo achukue malipo ya kuagwa na aende zake. Katika wiki chache asilimia 14 hivi waliondoka, na kufikia mapema 2016 walikuwa asilimia 18. Tusimwonee: malipo yalikuwa mazuri, na bila shaka wapo waliokuwa wanatafuta mlango muda mrefu. Lakini amri ya kutokuwa na bosi ilitoka kwa bosi, ikiwa na tarehe ya mwisho, na miaka iliyofuata kampuni ililegeza mfumo huo polepole bila tangazo kubwa.

Kwetu hatuna haja ya kwenda Las Vegas kulijifunza hili. Vikundi vya kuweka na kukopa, vile vilivyoenezwa na shirika la CARE kutoka kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, vinaendesha fedha halisi bila meneja. Ukihudhuria siku ya mkutano utaona sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Funguo ziko kwa wanachama watatu ambao si viongozi, na hazifungui kitu mpaka kikundi kiwe kimekaa. Fedha inahesabiwa kwa sauti, salio linatajwa, wanachama wanaambiwa walikariri ili wiki ijayo wakumbushane. Aliyechelewa analipa faini, simu ikilia faini, na mwenyekiti naye halipiwi na mtu. Mwisho wa mzunguko kikoba kinavunjwa, kila mtu anachukua hisa zake na faida yake. Wanachama ni kati ya 15 na 30, si 300, nao wamechaguana wenyewe. Imani yao kwa wenzao ni kubwa, lakini kufuli hawajaziondoa.

Sasa linganisha na kinachoitwa kazi ya kimtandao katika ofisi nyingi: grupu la WhatsApp. Saa nne usiku mkuu anaandika, "Ndugu zangu, takwimu za robo mwaka ziwe mezani saa mbili asubuhi." Yanafuata majibu mfululizo: "Nimepokea, mkuu." "Sawa bosi." Vidole gumba kumi na kitu. Mhasibu aliyeishiwa bando anaupata ujumbe akiwa kwenye daladala asubuhi. Wiki inayofuata mtu anauliza swali gumu kuhusu posho, na kabla ya mchana grupu limefungwa, wanaoandika ni maadmini tu. Hiyo ni piramidi ileile, sasa inafika mpaka kitandani. Nikiri upande wake mzuri: mtu wa zahanati ya mbali anaweza kuuliza jambo na kujibiwa na mganga wa wilaya ndani ya dakika tano, pasipo barua wala dokezo. Habari zinakwenda haraka kweli. Mamlaka hayajasogea.

Wanaomtetea bosi wana hoja wasiyopewa nafasi ya kutosha. Mahali pasipo mwenyekiti, anayesikika ni mwenye sauti, mwenye lugha, mwenye bando, au aliyekaa miaka mingi kuliko wenzake. Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Kijana aliyeajiriwa juzi hatamsahihisha mzee wa idara kwa sababu tu mchoro wa semina unasema wako sawa. Anayeweza kumfungulia njia ni kiongozi anayesema, "Mdogo wetu bado hatujakusikia." Kuondoa kiti hicho bila kuweka utaratibu mahali pake ni kuwakabidhi wanyonge kwa wababe wasio na cheo, na hao ni wabaya zaidi kwa sababu huwezi hata kuwakatia rufaa.

Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua unatoka kwa watengenezaji wa lugha ya kompyuta ya Python, waliotawanyika duniani na wengi wao wakijitolea. Aliyeianzisha, Guido van Rossum, alikuwa na neno la mwisho tangu 1991. Wenzake walimtania kuwa dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, baada ya ugomvi mkali juu ya kitu kidogo, alama ya :=, alijiuzulu na akakataa kumteua mrithi. Mtandao uliojivunia uhuru wake ulikaa miezi kadhaa ukijadili namna ya kujitawala, na mwezi wa Desemba ukapiga kura. Walichagua kuwa na baraza la watu watano linaloweza kuondolewa kwa kura, na wakaandika kwamba waajiriwa wa kampuni moja wasizidi wawili. Walijua kampuni kubwa ingeweza kulichukua baraza lote kwa upole tu, kwa kuajiri wanaochaguliwa. Van Rossum mwenyewe aligombea, akapata kiti kimoja kati ya vitano.

Kwa hiyo nikiulizwa kama halmashauri au wizara iige Buurtzorg, jibu langu linaanzia kwenye sahihi. Sheria zetu za fedha za umma zinamtaka Afisa Masuuli mmoja, yaani mtu mmoja anayewajibika kwa fedha za taasisi, na mkaguzi akikuta hoja anaulizwa yeye, si duara. Mkurugenzi anayejua hivyo hawezi kugawa maamuzi ya manunuzi kwa timu halafu akalala usingizi, na kumlaumu kwa woga ni kutomtendea haki. Yanayowezekana kesho ni yale yasiyohitaji sahihi yake: ratiba za zamu, mgawanyo wa vijiji kwa maafisa ugani, nani aende mafunzo. Mengine yatasubiri mpaka mtu apeleke muswada bungeni, na sijaona semina iliyoishia huko.