Laiti hevi bora wa enzi zote: uliza kwanza alipimwa lini

Tangu Artur Beterbiev na Dmitry Bivol wapigane Riyadh, Oktoba 2024 na tena Februari 2025, ubishi wa laiti hevi, uzito wa ndondi ulio chini kidogo ya uzito wa juu, umerudi kwa nguvu kwenye vibanda umiza vya Arusha na Moshi. Saa za Riyadh ndizo saa zetu, kwa hiyo safari hii hakuna aliyekesha mpaka jua linachomoza kama inavyokuwa kwa mapambano ya Las Vegas. Beterbiev alichukua la kwanza kwa pointi, Bivol akalipa kisasi kwa pointi, na mara zote mbili jaji mmoja aliona sare. Mikanda yote minne mikuu ya ubingwa wa dunia ilikuwa mezani. Baada ya hapo swali likawa lile lile: hawa wangefika wapi mbele ya mabingwa wa zamani wa uzito huu, Archie Moore, Bob Foster, Michael Spinks au Roy Jones?

Wazee huhesabu mapambano. Moore alipanda ulingoni zaidi ya mara 200 na kumaliza watu zaidi ya 130 kwa KO, wakati Beterbiev alikwenda Riyadh na mapambano 20 tu, ingawa yote 20 aliyamaliza kwa KO. Vijana hujibu kuwa wengi kati ya wale 130 walikuwa mabondia dhaifu wa kujazia usiku. Kila upande una lake, ila wote wanaruka kitu kimoja, nacho ni mizani.

Kikomo cha uzito huu ni pauni 175, yaani kilo 79.4, na hakijasogea. Kilichosogea ni saa ya kupima. Enzi za Moore na Foster bondia alipimwa siku ile ile ya pambano. Sasa anapimwa siku moja kabla. Bondia wa leo hupunguza chumvi siku kadhaa kabla, kisha maji, na siku ya mwisho anajikausha kwa sauna au nguo nzito. Kila lita ya jasho ni kilo moja. Akishuka kwenye mizani ana saa 24 au zaidi za kurudisha, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: anabugia maji matupu bila chumvi na wanga, yanaishia msalani, naye anapanda ulingoni mzito wa tumbo na mwepesi wa miguu. Akifanya vizuri, anaingia akiwa mkubwa kuliko jina la uzito wake. IBF, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, wanajua mchezo huu. Kwenye mapambano ya mkanda wao hupima tena asubuhi ya pambano, na mtu haruhusiwi kuzidi pauni 10 juu ya kikomo. Wa zamani angejikausha hivyo, jioni ile ile angepigana akiwa na ulimi mkavu. Alilazimika kuwa mtu wa kilo 79 kweli.

Basi ukimchukua Moore wa 1955 na kumpa Bivol wa leo, ama mmoja anapata zawadi ya kilo kadhaa, ama mwingine ananyang'anywa. Chagua sheria kwanza, ndipo utaje mshindi.

Jambo la pili ni ngazi za uzito. Uzito wa kruza, ulio kati ya laiti hevi na uzito wa juu, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970; kabla ya hapo, aliyevuka pauni 175 alikutana moja kwa moja na majitu ya uzito wa juu. Novemba 1972 Foster alimkabili Muhammad Ali akiwa na kilo 82 hivi, Ali akiwa na 100. Aliangushwa mara kadhaa na kumalizwa raundi ya nane, lakini jebu lake la kushoto, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, lilimpasua Ali karibu na jicho. Wanaomshusha Foster kwa usiku ule wanamhukumu kwa kazi isiyo yake. Kazi yake ilikuwa pauni 175, ambako alimwangusha Dick Tiger wa Nigeria mwaka 1968 katika raundi ya nne, kisha akautetea ubingwa mara 14.

Tatu, raundi. Spinks na waliomtangulia walipigana 15, dakika 45 za ngumi. Sasa ni 12, dakika 36. Bondia wa Moshi anayekimbia asubuhi kupandisha kuelekea Kibosho anajua pa kwanza kukataa: mapaja yanaisha kabla ya pumzi. Ukitaka kumjua laiti hevi wa zamani, achana na vipande vya simu vyenye KO tu. Tazama miguu yake kuanzia raundi ya kumi.

Kesi ya Roy Jones inahitaji utulivu. Machi 2003 alimshinda John Ruiz kwa mkanda wa uzito wa juu akiwa na pauni 193, kisha akarudi 175 kupigana na Antonio Tarver Novemba mwaka huo huo. Pauni 18 kushuka, zaidi ya kilo nane, na sehemu yake ilikuwa misuli aliyoijenga makusudi. Alishinda kwa taabu. Mei 2004 Tarver akamlaza raundi ya pili, Septemba Glen Johnson akamlaza raundi ya tisa. Wanaomtetea wanasema mizani ilimuua. Wanaompinga wanasema alikuwa amefika miaka 35, na kwamba hakuwahi kuwa na kinga ya pili: mikono chini, kidevu wazi, akitegemea jicho na kasi. Jicho likichelewa kidogo tu, hakuna kilichobaki mbele ya kidevu.

Hapa naegemea kwa wapinzani wake, kwa sababu ya Moore. Yeye pia alipanda na kushuka: Juni 1955 alimpiga Bobo Olson kwa pauni 175, Septemba akapigana na Rocky Marciano wa uzito wa juu akiwa na 188, na baadaye akarudi tena kutetea mkanda wake. Desemba 1958, Montreal, mvuvi Yvon Durelle alimwangusha mara tatu raundi ya kwanza na tena ya tano. Moore, mwenye umri kati ya 41 na 44 (yeye na mama yake hawakukubaliana mwaka wa kuzaliwa), alimmaliza Durelle raundi ya 11. Alikuwa na ile kinga ya mikono iliyopishana mbele ya uso, bega juu, kama lango lililofungwa kwa magogo mawili. Kinga ya namna hiyo haizeeki haraka kama kasi.

Jones ana doa jingine: Dariusz Michalczewski alitawala Ujerumani na mkanda wa WBO, shirika jingine la ndondi, miaka ile ile, na hawakukutana kamwe. Lawama wagawane.

Kwa raundi 12 na kupimwa jana yake, Jones wa kabla ya Ruiz namweka juu ya wote, Bivol akiwemo. Kwa raundi 15 na kupimwa siku ya pambano, namchukua Spinks. Machi 1983 alimkabili Dwight Muhammad Qawi, mfupi aliyeingia chini ya ngumi za kila mtu, na kwa raundi 15 alimweka mbali kwa jebu na kurudi nyuma kwa mpango. Kisha 1985 akapanda hadi pauni 200, akamnyima bingwa wa uzito wa juu Larry Holmes ushindi wa 49 mfululizo, na hakurudi chini tena. Sekunde 91 ambazo Mike Tyson alimmaliza nazo baadaye ni za uzito mwingine, kama Foster kwa Ali.

Kuna Ezzard Charles pia. Alimpiga Moore mara tatu kati ya 1946 na 1948, ya tatu kwa KO, na mkanda wa laiti hevi hakuwahi kuuvaa. Mwenye orodha ya watano bora aanze kwa kutuambia Charles anakaa wapi.